Maswali Yenu Kuhusu Magari ya Morgan

Swali: Je, ni kweli kwamba kampuni ya Morgan ya Uingereza ilianza kwa magari ya magurudumu matatu?

Ni kweli. Henry Frederick Stanley Morgan, aliyekuwa mtoto wa kasisi na kujifunza uhandisi katika karakana za reli za Swindon, alikuwa na gereji huko Malvern Link alipounda gari lake la kwanza mwaka 1909, kwa matumizi yake mwenyewe. Msomaji asilifikirie kama bajaji, kwani magurudumu mawili yalikuwa mbele na moja nyuma, nalo hilo la nyuma ndilo lililozungushwa na injini ya pikipiki. Katika maonyesho ya Olympia, London, mwaka 1910, wanunuzi walikuwa wachache kwa sababu gari lilikuwa na kiti kimoja tu. Baada ya kuongezwa cha pili, duka la Harrods lililiweka dirishani mwake. Wepesi uliliwezesha kwenda kasi, na kwa kuwa lilitozwa kodi ndogo kama pikipiki, watu wasio matajiri waliweza kulimudu. Ushindani ulikuja mwaka 1922, Austin Seven, gari dogo la magurudumu manne na la bei nafuu, lilipoingia sokoni. Hatimaye, mwaka 1936, Morgan naye akatoa 4-4, yaani silinda nne na magurudumu manne, ingawa yale ya magurudumu matatu yaliendelea kuundwa hadi mwaka 1952.

Swali: Nimesikia kwamba chasisi yake ni ya mbao. Gari kama hilo lina uimara gani?

Chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, haikuwa ya mbao. Kwa miongo mingi ilikuwa ya chuma, na sasa ni ya alumini. Mbao za mti wa eshi, ambao ni mgumu na bado hunyumbuka, ndizo mifupa ya bodi: maseremala huziunganisha, kisha mabati huviringwa juu yake. Nalisisitiza hili kwa sababu kosa hilo hurudiwa hata na wapenzi wa magari. Kuhusu uimara, mwaka 1962 Morgan aina ya Plus 4 lilimaliza mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, likiwa mshindi wa daraja lake.

Swali: Kwa nini wateja walingojea gari kwa miaka?

Kwa sababu kampuni iliunda magari machache kwa mkono, na iliridhika na hali hiyo. Mwaka 1990 John Harvey-Jones, aliyewahi kuongoza kampuni ya kemikali ya ICI, aliitembelea kwa ajili ya kipindi cha televisheni ya BBC, akashauri uzalishaji uongezwe na mbinu za kazi zibadilishwe. Peter Morgan, mwana wa mwanzilishi, hakukubali. Kwa maoni yangu Peter alikuwa sahihi kuhusu idadi, maana foleni ya wanunuzi ni kinga kwa karakana ndogo, lakini mbinu zilihitaji kweli kubadilika, na gari la Morgan liitwalo Aero 8 la mwaka 2000, lenye chasisi ya alumini na injini ya BMW, lilithibitisha hivyo.

Swali: Je, bado ni mali ya familia?

Tangu mwaka 2019 hisa nyingi zinamilikiwa na Investindustrial, kampuni ya uwekezaji yenye asili ya Italia. Karakana ingali Malvern.