Nilizima swichi, barafu za jirani zikayeyuka

*Shangazi, nimepanga Manzese, vyumba sita, mita moja ya umeme wa LUKU. Kila chumba kinachanga shilingi 10,000. Mimi nina taa, simu na pasi ya asubuhi tu. Jirani wa chumba cha mbele ana friji, anagandisha barafu za ubuyu za kuuza, naye anatoa elfu kumi hiyo hiyo. Nikisema, naitwa mchoyo. Juzi usiku hasira zikanipanda, nikazima swichi kubwa. Alfajiri maji mekundu ya ubuyu yalikuwa yametiririka hadi ukumbini. Sasa anamshuku kijana wa chumba cha uani. Nifanyeje?*

Mwanangu, kwenye umeme una haki. Friji ya kugandisha huweza kula yuniti 1 hadi 2 kwa siku. Taa ya wati 9, ikiwaka kwa muda wa saa 5 kila usiku, haifikishi yuniti 2 kwa mwezi mzima. Ila hiyo pasi umeipitisha haraka mno. Ya wati 1,000, robo saa kila asubuhi, inakaribia yuniti 8 kwa mwezi. Nayo iandike.

Kinachoniuma ni yule kijana. Katika nyumba ya kupanga, mtu akishaanza kushukiwa, kesho ikipotea ndoo ataulizwa yeye, keshokutwa sabuni, mwisho mwenye nyumba anamwambia atafute kwingine. Hili lisilale. Leo hii gonga mlango wa chumba cha mbele useme, "Dada, swichi nilizima mimi. Nisamehe." Usianze na habari za LUKU, ukianza nazo ataona umekuja kugombana. Akifoka, mwache afoke. Halafu kijana naye umwombe radhi, mbele ya wale wale waliosikia akituhumiwa.

Mchango usubiri wiki. Kisha kaeni wapangaji wote ukumbini na karatasi, kila chumba kitaje kina nini. Ziko nyumba zinazofunga mita ndogo kwa friji peke yake: mwenye nyumba akikubali, fundi wa umeme anaifunga, kila mtu anasoma namba kwa macho yake. Mkishindwana, mwiteni mjumbe.

Na zile barafu, muulize jirani zilikuwa ngapi. Akitaja idadi usibishane naye, lipa.