Mfuko wa unga ulivyonibinua na kiti changu

Siku niliyoanguka vibaya sikuwa barabarani wala kwenye makorongo. Nilikuwa nimetoka sokoni, hapa Mwanza, nimeshafika kwenye mteremko wa saruji wa mlangoni kwangu. Nyuma ya egemeo la kiti mwendo changu nilikuwa nimening'iniza mfuko: unga kilo 5, dagaa na sabuni. Nikasukuma magurudumu kwa nguvu mara moja, vigurudumu vya mbele vikainuka, nikaanguka chali na kisogo kikagonga sakafu.

Nawaandikia wenzangu mnaotumia kiti mwendo cha kusukuma kwa mikono, hasa mlioanza karibuni, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia mapema. Mzigo ukiwa nyuma unavuta kiti kinyumenyume, na ukipanda mlima unavuta zaidi. Sasa mizigo naipakata mapajani, au naifunga chini ya kiti. Hata unapohamia kitandani, mfuko uliobaki nyuma unaweza kukibinua kiti pale tu uzito wako unapokiacha. Mliokatwa miguu muwe waangalifu zaidi, maana mbele kwenu ni kwepesi. Mwombeni fundi asogeze magurudumu makubwa nyuma kidogo, au afunge vile vyuma vya nyuma vinavyozuia kiti kubinuka.

Na ule mteremko wenyewe ulikuwa na kosa. Ngazi ilikuwa na kimo cha sentimita 30, na fundi mwashi akanijengea mita moja na nusu tu. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo ilitakiwa mita 3.6. Tulibomoa tukajenga upya, ukaula nusu ya uwanja, na sijutii hata tofali moja.

Ukipanda, inama mbele na usukume kidogo kidogo. Ukishuka, egemea nyuma, acha pete za kusukumia ziteleze polepole viganjani, na nenda moja kwa moja. Ukikata mshazari kiti kinalala ubavu. Breki usiziguse kiti kikiwa kwenye mwendo. Hizo ni za kuegeshea.

Kuanguka kwa mbele mara nyingi kunaletwa na kigurudumu kidogo kunasa: kokoto, ufa, mfuniko wa mtaro. Punguza mwendo kabla hujafika hapo, mgongo ukiwa umeegemea.

Ndani ya nyumba, hatari iko kwenye kuhama na kuokota vitu. Kabla ya kuhama nafunga breki zote mbili na kuondoa miguu kwenye vikanyagio, kwa kuwa ukivikanyaga kiti kinakulalia. Upepo wa matairi naupima kila Jumamosi: breki hubana tairi, na tairi likilegea breki haishiki. Nikitaka kuokota kitu, nakikaribia kwa ubavu. Ikibidi kuinama mbele, kwanza narudi nyuma kidogo ili vigurudumu vidogo vigeuke kuelekea mbele, hapo kiti kinasimama imara zaidi.

Kuna pia wanaotusaidia. Kijana mmoja, kwa moyo mweupe kabisa, aliwahi kuniinua kwa kushika mkono wa kiti. Ulichomoka, nami nikaangukia bega. Siku hizi, kabla mtu hajanigusa, namwambia: "Kaka, shika hapa kwenye vishikio vya nyuma, na penye kidato kimoja unishushe kinyumenyume." Hakuna aliyewahi kukasirika.

Ukihisi unaanguka chali, bana kidevu kifuani na weka mkono mmoja mbele ya magoti yasikupige usoni. Ukishafika chini, shingo au mgongo ukiuma, usikubali kunyanyuliwa haraka. Na sisi tusiohisi miguuni, jioni hiyo hiyo tujikague kwa kioo, matakoni, magotini na vifundoni. Mimi nilikuta mchubuko kwenye kisigino siku mbili baadaye, nao ulichukua wiki sita kupona.