BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya mtoto haisomwi kama ya mtu mzima

Dada, umesema programu ya simu imekuambia binti yako amekonda. Binti wa miaka 10 mwenye kilo 32 na urefu wa mita 1.38 hajakonda, usianze kumlazimisha kula. BMI yake, 32 ÷ (1.38 × 1.38), ni 16.8; hiyo programu imempima kwa 18.5, mpaka wa wembamba kwa watu wazima. Miaka 5 hadi 19 tumia jedwali la WHO (Shirika la Afya Duniani) la umri na jinsia: kwa msichana wa miaka 10 wastani ni 16.6, uzito uliozidi ni juu ya 19, wembamba chini ya 13.5. Ukimpima tena, avue viatu, visigino viguse ukuta, atazame mbele. Soli ya sentimita 3 tu inashusha jibu hadi 16.1. Akibalehe namba itapanda, ni kawaida.