Si harusi inayoua kipindi cha mapenzi

Dada, swali lako nimelisoma nikaona siwezi kulipita hivi hivi. Unasema wewe na shemeji mlianza The Office, kile kichekesho cha Marekani cha wafanyakazi wa ofisi moja, mkicheka pamoja kila jioni, ila tangu Jim na Pam, wapenzi wa ofisi hiyo, waoane utamu umeisha: yeye anasinzia kabla episodi haijafika kati, wewe unashika simu. Unauliza kama ni kweli wanavyosema watu kwamba wapenzi wakishaoana kipindi kimekwisha, na kama mwendelee au mwachie hapo. Umesema hujali kuambiwa yajayo, basi nitayataja bila kuficha.

Nilikuwa na duka la muvi mtaani Umoja, Nairobi, kwa miaka mingi. Nilianza enzi za DVD za shilingi 50, sizoni nzima imebanwa kwenye diski moja, nikamalizia enzi za kujazia watu flashi, kabla bando na Netflix hazijatuondoa sokoni. Kazi ile inakuonyesha kitu ambacho anayetazama kwake nyumbani hakioni: unajua ni lini hasa mtu ameacha. Anachukua sizoni ya kwanza kwa kusitasita. Kesho yake yuko mlangoni hata sijamaliza kufungua, anataka ya pili na ya tatu kwa mpigo. Halafu siku moja unamwambia ya saba imeingia, anakujibu "niwekee, nitapitia", na hapitii. Nilikuwa na daftari la oda, na kwenye vipindi vya mapenzi ya kuchekesha majina yalikatikia mahali pamoja. Muuguzi wa zamu ya usiku, kijana wa chuo, mama mwenye kibanda cha mboga, watu wasiojuana kabisa, wote walishuka steji moja.

Na steji hiyo haikuwa harusi.

Habari ya harusi kuua kipindi ilienezwa sana na Moonlighting, ile ya Bruce Willis na Cybill Shepherd iliyoanza 1985. Wahusika wao walizungushana hadi 1987 wakalala pamoja, kipindi kikaporomoka, kikafungwa 1989, na tangu hapo kila mwandishi wa Marekani anaogopa kuwapa wapenzi wake raha. Lakini angalia kilichotokea nyuma ya kamera. Shepherd alikuwa na mimba ya mapacha. Willis alikuwa anapiga Die Hard. Wawili hao wakawa hawaonekani pamoja, na mtu aliyefungua runinga kwa ajili ya majibizano yao alikuta mmoja yuko huku na mwingine kule. Kisha mhusika wa Shepherd akaolewa na mtu aliyekutana naye kwenye treni! Hapo mapenzi yalinyimwa nafasi tu. Cheers iliwaunganisha Sam na Diane mwisho wa sizoni ya kwanza, 1983, na ikaendelea kuchekesha watu hadi 1993.

Sisi Wakenya ndio tungekuwa wa mwisho kuamini habari hiyo. Tumelelewa na Vitimbi ya KBC, Mzee Ojwang na Mama Kayai, mume na mke tangu mwanzo, na tulicheka miaka na miaka. Papa Shirandula kwenye Citizen ana mke tayari, Wilbroda. Kinachotushika pale ni kwamba Papa anatoka nyumbani na suti kama mtu wa ofisi, akifika kazini anavaa sare ya askari wa lango, na mke hajui. Hebu fikiria siri hiyo inatoka wapi. Inatoka kwenye kiburi chake, na kwenye hofu kwamba mwanamke aliyemtoa kijijini atamdharau. Hata ungemhamishia Papa mji mwingine na kazi nyingine, angetafuta kitu cha kumficha Wilbroda. Ndiyo maana kipindi kilidumu hadi marehemu Charles Bukeko alipotuacha Julai 2020.

Hapo ndipo nilipo mimi. Kipindi cha mapenzi kinaishi maadamu kinachowasumbua wapenzi kinatoka ndani yao. Siku kizuizi kinapoanza kuletwa na mwandishi kutoka nje, barua imepotea, simu imezima chaji, mpenzi wa zamani ametokea mlangoni bila sababu, mtazamaji anasikia mkono wa mtu. Hatasema. Ataanza kusinzia tu, kama shemeji.

Friends ina mifano ya pande zote mbili. Ross na Rachel wanaachana sizoni ya tatu kwa sababu Rachel amepata kazi anayoipenda na Ross ana wivu wa kupita kiasi, na wote wawili tumewajua hivyo tangu mwanzo. Inauma, na inaaminika. Monica na Chandler wanaanzana London mwaka wa 1998, wanaoana 2001, hawatenganishwi hata mara moja hadi mwisho wa 2004, na wateja wangu wengi waliwapenda hao kuliko Ross na Rachel. Monica anapanga taulo kwa aina, Chandler anaogopa kila kitu kizito na kukigeuza mzaha. Waweke nyumba moja, cheko halikauki. Lakini Joey alipoanza kumpenda Rachel, na Rachel naye akampenda Joey, watu waliniambia waziwazi kaunta pale: "Hii ni ya kujaza muda."

Kuna kipindi cha zamani zaidi, Rhoda, ambacho ningependa kila mwandishi wa vichekesho Nairobi akijue. Harusi ya Rhoda mwaka wa 1974 ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 50 Marekani. Watengenezaji wakaingiwa na wasiwasi kwamba ndoa yenye furaha haina kichekesho, kwa hiyo 1976 wakawatenganisha. Watazamaji walikasirika, wengi wakaondoka, na 1978 kikafungwa. Harusi ndiyo iliyowaleta watu, wasiwasi wa waandishi ukawafukuza.

Lakini niliyoyaona kwa macho yangu ni ya How I Met Your Mother. Kipindi kile kilikuwa kinanilipia kodi ya duka. Ted anawasimulia watoto wake jinsi alivyokutana na mama yao, na sisi tunamngoja mama huyo sizoni nane. Anapotokea, ni mtu wa kupendeza kweli. Sizoni ya tisa karibu yote ni wikendi moja tu, harusi ya rafiki zake Barney na Robin, episodi baada ya episodi. Kisha episodi ya mwisho, Machi 2014, harusi ile tuliyoingoja sizoni nzima inavunjwa kwa dakika chache, mama anakufa, na Ted anarudi kwa Robin, mpenzi wake wa zamani.

Kuna baba mmoja, mtu mpole sana, alikuwa akichukulia mkewe kila Ijumaa. Alirudi na diski ile mkononi ananiambia nimemuuzia feki, mwisho wenyewe haumo. Nilimweleza ndio huo. Hakuamini. Nikaiweka kwenye mashine ya dukani, tukasogeza mbele pamoja tukiwa tumesimama, hadi Ted yuko chini ya dirisha la Robin ameshika ile tarumbeta ya bluu. Akakaa kimya. Akauliza, "Sasa huyu mama tulimpendea nini?" Sijawahi kusoma uhakiki wa kipindi kile uliosema vizuri kuliko hapo. Waandishi walikuwa wamepiga picha za watoto mapema kabisa, kabla hawajakua, kwa hiyo mwisho ulikuwa umefungwa kabatini miaka yote. Barney akabadilika, Robin akabadilika, Ted mwenyewe akakomaa mbele ya macho yetu, na mwisho ule haukubadilika nao. Baadaye DVD rasmi zilipotoka na mwisho mwingine, ambamo mama haonyeshwi akifa, niliutafuta nikawajazia bure wote walioniulizia. Yule baba alikuwa wa kwanza.

Sasa The Office yenu. Mmekwama sizoni ya sita, baada ya harusi ya Niagara. Kuna jambo moja nakubaliana nanyi: Jim na Pam wakishaoana hawapewi kitu cha kuhangaikia kwa muda mrefu. Wanatabasamu tu kwenye kamera. Mnavyosinzia mna haki. Ila mapenzi ya kipindi hayajaisha, yamehamia kwingine, na mkiacha sasa mtayakosa. Sizoni ya saba anarudi Holly, mpenzi wa zamani wa Michael, bosi wa ofisi. Michael ni mtu mwenye njaa ya kupendwa hadi anaharibu kila anachokigusa, na huyu ndiye mwanamke pekee anayecheka vichekesho vyake vibovu kwa dhati. Posa yake, mishumaa imejaa ofisi nzima hadi mitambo ya kuzima moto inafunguka na kuwanyeshea maji, ni kati ya vitu vizuri zaidi nilivyowahi kuuza. Na wanaondoka kwenda Colorado kwa sababu wazazi wa Holly wamezeeka wanahitaji mtu. Ni nani kwetu asiyeelewa sababu hiyo?

Ya nane ipiteni haraka. Ya tisa inawagawa watu, na hapa siko na wengi. Andy na Erin, wapenzi wengine wa ofisini, waliharibiwa, hilo halina ubishi. Andy aliendesha gari hadi Florida kumfuata huyo binti, halafu sizoni inayofuata anapanda mashua na kumwacha kwa miezi mitatu. Sababu ni kwamba Ed Helms, anayemwigiza Andy, alikuwa na muvi ya kupiga. Ratiba ya mwigizaji ikageuzwa tabia ya mhusika, yaleyale ya Moonlighting.

Ya Jim na Pam ni tofauti. Jim anaanza kazi nyingine Philadelphia, na alikubali bila kumwambia mkewe. Wengi waliichukia sehemu hiyo, wakasema wameharibiwa wapenzi wao. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza baada ya harusi kupewa shida iliyo yao kweli. Jim tumemjua hivyo: alimnunulia Pam nyumba bila kumuuliza, na tukaona ni mapenzi. Tabia ileile, sasa ina gharama. Wateja wangu wenye waume Mombasa au Qatar ndio walioirudia zaidi. Mwanamke mmoja aliniambia hajawahi kuona kipindi cha kuchekesha kinachojua uchovu wa kulea peke yako huku mwenzako anakupigia simu akiwa na mambo yake mazuri ya kukusimulia.

Tazameni hasa episodi ya 12 ya sizoni hiyo ya tisa. Jim amekosa onyesho la ngoma la mtoto wao, Pam ameshindwa kulirekodi kwa sababu simu iliingia katikati, na kwenye simu wanaanza kuumizana kwa sauti za kawaida kabisa, bila matusi. Akikata simu, Pam analia. Hapo ndipo anaingia Brian, mshika maikrofoni ambaye hatukuwahi kumwona, kumtuliza, na episodi kadhaa tunachezewa kana kwamba huyo ndiye atakayeivunja ndoa. Huyo Brian ni wa mwandishi. Machozi ni ya Pam. Mkiweza kumpuuza Brian, sizoni hiyo mtaimaliza mkiwa macho.

Kwa hiyo malizeni ya sita polepole, ingieni ya saba kwa ajili ya Holly, ya nane msiipe wikendi nzima. Shemeji akisinzia ya nane mwache alale. Mwamshe kwa episodi ile ya 12, kisha njoo utuambie alikuwa upande wa nani, wa Jim au wa Pam.