Unaanza na filamu bubu za kutisha? Angalia nakala kwanza

Wengi wanaoanza na filamu bubu za kutisha huzima ndani ya dakika kumi, wakisema ni za kizamani na zinachekesha. Mimi huwauliza swali moja tu: ulitazama nakala gani?

Chukua Nosferatu ya F. W. Murnau, Ujerumani, 1922. Matukio mengi ya usiku yalipigwa mchana kweupe, kisha mkanda ukatiwa rangi: buluu ikawa usiku, njano ikawa ndani ya nyumba, waridi ikawa alfajiri. Sasa wewe umepakua nakala ya bure ya nyeusi na nyeupe. Unamwona Orlok, mnyonya damu, akibeba jeneza lake mtaani jua likiwaka, na hadithi hiyohiyo inakwambia jua ndilo linalomuua. Lazima ucheke. Tafuta yenye rangi zake.

Kasi nayo ni tatizo. Kamera zilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo mwendo haukuwa mmoja, na mara nyingi ulikuwa chini ya picha 24 kwa sekunde zilizokuja kuzoeleka wakati wa sauti. Ukiuonyesha mkanda kwa picha 24, watu wanatembea kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Angalia muda kabla hujamaliza bando: Nosferatu iliyorejeshwa vizuri ina dakika 94 hivi. Ukikuta ya saa moja na kidogo, achana nayo.

Na usishangae majina ya wahusika yakibadilika kutoka nakala moja hadi nyingine. Filamu ilitokana na riwaya ya Dracula bila ruhusa, mjane wa mwandishi, Florence Stoker, akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Zilizopona zilikuwa zimeshavuka mipaka, na huko nje kila mtu alikata na kuandika alivyotaka.

Muziki: ukumbini ulipigwa papo hapo, kwa hiyo unaousikia kwenye nakala za bure mara nyingi mtu kaubandika tu. Ukikukera, zima. Sisi tuliokulia kwenye picha zilizotafsiriwa na DJ tunaona ukimya ule mzito, lakini hata Wajapani wa enzi hiyo hawakukaa kimya. Walikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia akisema maneno ya wahusika wote.

Ukishapata nakala nzuri, nenda mwishoni kwenye ngazi. Orlok mwenyewe haonekani. Kivuli chake kinapanda ukutani, mgongo umepinda, kucha ndefu, kisha mkono unanyooka kuelekea mlango. Chumbani, kivuli cha kiganja kinatambaa juu ya nguo nyeupe ya Ellen, mwanamke anayewindwa na Orlok, mpaka kifuani, kinafumba ngumi, naye anajikunja kwa maumivu. Hakuna damu, hakuna kelele. Itazame mara mbili, ya pili ukifuatilia mkono tu.

Das Cabinet des Dr. Caligari ya Robert Wiene, 1920, iache kwanza kama huna subira. Kuta zimepinda, na vivuli vimechorwa kwa rangi sakafuni. Anayetafuta uhalisia humo atachoka bure. Ila pale Cesare, mtu anayetembea usingizini, anayechezwa na Conrad Veidt, anapofumbua macho polepole mbele ya kamera, usipepese.

Kwa Marekani anza na The Phantom of the Opera, 1925. Lon Chaney, anayecheza Phantom, alijipaka vipodozi mwenyewe, na studio ikauficha uso ule kwenye matangazo ili watu wauone ukumbini. Christine, mwimbaji wa opera, anamnyemelea Phantom kwa nyuma wakati Phantom anapiga kinanda, anamvua barakoa. Kamera iko mbele, kwa hiyo sisi tunauona uso kabla yake. Hizo sekunde chache tunazojua asichokijua yeye ndizo zinazotisha, kuliko uso wenyewe kwa maoni yangu.

Mwisho, kuhusu London After Midnight ya 1927, ambayo Chaney anaonekana na meno yaliyochongoka na kofia ndefu: nakala ya mwisho inayojulikana iliungua kwenye ghala la studio ya MGM mwaka 1965. Kilichopo ni picha mnato zilizopangwa kufuata hadithi. Mtu akikuuzia "filamu kamili", muulize kaipata wapi, na pesa yako ibaki mfukoni.