Usirundike miondoko mitano ya kamera kwenye klipu ya sekunde 8

Mkuu, usibonyeze tena hicho kitufe cha kutengeneza video kwa AI. Prompti yako (maelezo unayoiandikia AI) inataka kamera ianze angani mbele ya Mji Mkongwe, ishuke hadi kwenye jahazi, imzunguke nahodha, ivute uso wake, kisha irudi nyuma mpaka mji wote uonekane. Yote hayo kwa sekunde 8, ukianzia na picha moja uliyoipakia, na mwishoni umeongeza "kamera isitikisike". Halafu unauliza ununue kifurushi gani, sauti ya mawimbi uiweke vipi, na kwa nini majaribio mawili ya kwanza yametoka "kama uji". Naanza na uji, maana ndiko hela yako inakoishia. Kosa hilihili lilinila krediti (pointi za kulipia klipu) za mwezi mzima.

Piga hesabu. Veo 3, modeli ya video ya Google, inatoa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, kwa hiyo klipu yako nzima ni fremu 192. Zigawe kwa miondoko mitano: kila mmoja unapata fremu zisizofika 40, na ndani ya hizo kamera inatakiwa ianze, ishike kasi, itulie na kugeukia kazi nyingine. Wapiga filamu wana kanuni ya zamani kwa picha za fremu 24: kamera ikigeuka, kitu kitumie kama sekunde 7 kukatiza fremu kutoka ukingo hadi ukingo, la sivyo picha inarukaruka machoni. Mgeuko mmoja tu uliotulia unamaliza klipu yako karibu yote.

Modeli haitakuambia haiwezekani. Itachanganya. Itachukua kushuka, kuzunguka na kuvuta, itoe mwondoko mmoja wa kuelea usio na jina, na kila kilichokosa muda wa kuchorwa vizuri kinayeyuka: mawimbi yanakuwa kitambaa, majengo ya ufukweni yanapinda. Wakati mwingine inatii mwondoko wa kwanza na kuitupa minne iliyobaki. Ukikasirika ukaongeza maneno, unaongeza mchanganyiko.

Kinachoumiza zaidi hapo ni kuzunguka. Jahazi lina tanga kubwa. Kamera ikianza ubavuni ikazunguka nusu duara, tanga litapita katikati ya lenzi na nahodha. Modeli inamchora nahodha kwa kutegemea fremu ambamo anaonekana. Akifichwa na tanga kwa sekunde nzima, anayetokea upande wa pili mara nyingi ni mtu mwingine: ndevu zimepotea, kofia imebadilika rangi. Foromali (boriti inayobeba tanga) nayo inahama upande wa mlingoti, na mtu yeyote wa pwani ataliona hilo kabla hajaona kitu kingine. Kisha mandhari ya nyuma. Picha yako ya kuanzia inaonesha upande mmoja tu. Kamera ikigeukia usioonekana, modeli inabuni, na utapata minara ambayo Unguja haijawahi kuwa nayo. Ukilazimika kuzunguka, taja robo duara au pungufu, na uanzie upande ambao tanga halitamficha mtu.

Hapa niseme wazi, nina hasira na wanaouza zile PDF za "amri 100 za kamera". Wanakupa orodha ya majina, wanakwambia changanya manne au matano upate "muonekano wa sinema", na hawasemi popote kila jina linahitaji sekunde ngapi. Runway Gen-3 Alpha, modeli nyingine ya video, ilipotoka 2024 ilikula krediti 10 kwa sekunde, na kifurushi cha krediti 625 kwa mwezi kilikupa sekunde 62 tu. Hizo ni klipu 6 za sekunde 10. Mtu anayefuata orodha ile anazimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kanuni ni hii: klipu moja, mwondoko mmoja. Uandike kwa vitu vinne: kamera inaanzia wapi, inaelekea wapi, kwa kasi gani, na inaishia fremu ikiwa na nini. Watu wengi husahau hicho cha nne, ndiyo maana kamera yao inapita uso na kuendelea mpaka sikioni. Na mtu aliye ndani ya fremu apewe kitendo kimoja. Nahodha akishika usukani na kutazama omo (mbele ya chombo), inatosha.

Jina la mwondoko peke yake usiliamini. Watu wameandika "pani" kwa kila kitu kinachosogea, na modeli imejifunza kutoka kwao. Pani ni kamera kugeuza shingo ikiwa imesimama palepale. Kusafiri pembeni ni kamera yenyewe kuhama. Kwa hiyo eleza jicho litaona nini. Ukitaka isafiri, andika kwamba vya karibu vinapita haraka na vya mbali vinapita polepole. Vivyo hivyo kwa kuvuta lenzi (zumu) na kusogeza kamera. Chukua nahodha aliye mita 4 kutoka kwenye kamera na mji ulio mita 500. Sogeza kamera mita 2 mbele: nahodha anakuwa mkubwa mara mbili, mji haubadiliki kwa macho. Vuta lenzi mara mbili: vyote viwili vinakua sawasawa, na picha inakuwa bapa. Wewe umeandika "ivute uso" lakini naona unachotaka ni kumkaribia. Basi andika: "kamera inasogea mbele taratibu, uso unajaza fremu, mji nyuma yake unabaki na ukubwa uleule."

Pia futa ule mstari wa "kamera isitikisike". Modeli nyingi hazishiki makatazo vizuri. Neno la kutikisika likiwepo linaweza kuleta mtikisiko. Andika kinachotakiwa kuwepo: kamera imetulia juu ya tripodi. Na kwa kuwa unaanza na picha, usiieleze upya picha hiyo, taja kinachosogea tu.

Kazi yako ni klipu tatu. Ya kwanza, kamera iko juu inashuka wima polepole, inaishia jahazi likiwa katikati ya fremu. Ya pili ni ile ya kumkaribia nahodha niliyoandika hapo juu. Ya tatu, kamera iko nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma ya chombo), inarudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, jahazi linapungua na ufukwe lililokuwa linauficha unaonekana. Usichukue fremu ya mwisho ya moja kuanzishia nyingine ukidhani lazima ziungane; kila ukirudia hivyo picha inapoteza makali na rangi zinakolea. Kata moja kwa moja, na ubadilishe pembe ya kutosha ili mkato usionekane kama picha imekwama ikaruka.

Anza na ya pili, kwa sekunde 5 na modeli ya bei ndogo. Uso ukibaki wa mtu yuleyule toka fremu ya kwanza hadi ya mwisho, weka matokeo hapa tuyaone kabla hujatengeneza hizo mbili nyingine.