Dirisha la mbao limeoza chini: kabla hujang'oa, lichokoe na bisibisi

Dada uliyeuliza kuhusu nyumba ya mamako hapo Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema madirisha manne ya mbao, yenye mbawa mbili mbili, yamelala upande, mvua ikinyesha hayafungi, na mti wa chini umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Fundi amekwambia ng'oa yote pamoja na fremu, tia aluminiamu ya kusukuma. Unataka kujua kama hiyo ndiyo dawa.

Mimi nimepita njia hiyo hiyo Kibokoni, kwenye nyumba aliyotuachia bibi. Madirisha sita, mbawa kumi na mbili, na ubawa wa kwanza niliuharibu kwa haraka zangu. Kwa hiyo unayesikia hapa ni mtu aliyekwisha kuungua.

Nikisema ubawa namaanisha kile kipande kinachofunguka, si fremu iliyojengewa ukutani. Tofauti hiyo ndiyo pesa yenyewe. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta za nusu mita au karibu na hapo, na fremu imekaa humo tangu ukuta ulipopandishwa. Ukiing'oa, chokaa inamwagika, mawe ya juu yanakosa pa kukalia, na kazi ya siku mbili inageuka ya wiki tatu, na mwashi juu yake. Mara nyingi fremu haina kosa lolote. Anayeumwa ni ubawa, na hata huo hauumwi wote.

Chukua bisibisi bapa, panda stuli, anza kubonyeza mbao kila baada ya vidole viwili: fremu kwanza, halafu mbawa. Mbao nzima inakukatalia. Mbovu inaingia bila sauti. Pale inapoingia tia alama ya chaki. Mimi nilipomaliza, kati ya mbawa kumi na mbili, tisa zilikuwa na chaki chini tu, sentimita kumi hivi. Mbili tabu yao ilikuwa bawaba. Moja peke yake ndiyo iliyokuwa ya kutupa: mchwa walikuwa wameimaliza ndani kwa upande wa chini, pamesimama kwa rangi tu, bisibisi ikaingia mpaka mpini.

Kwa nini chini? Pitisha kidole chini ya ubawa wako sasa hivi, ule ukingo unaogusa kizingiti. Kikikwaruzwa na mbao kavu badala ya kuteleza kwenye rangi, umeshapata jawabu. Fundi rangi hupaka anachokiona, na ukingo ule hauonekani mpaka ubawa uvuliwe. Na hapo ndipo miti ya kusimama, ile ya pembeni mwa ubawa, inapoishia, vichwa vyake vimekatwa wazi, na mbao hunywa maji kwa kichwani kama mrija. Ongeza chumvi ya bahari, ambayo huvuta unyevu wa hewa hata siku isiyo na tone la mvua, na misumari ya chuma inayovimba kwa kutu na kuipasua mbao kutoka ndani. Rangi ya mbele inang'aa, chini kunaliwa. Bibi yangu alipakisha rangi kila akikaribia mwezi wa Ramadhani, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyevua ubawa hata mmoja.

Sasa kuhusu kulala upande. Kabla hujamwita mtu, fungua ubawa nusu, ushike ule upande usio na bawaba, uunyanyue juu taratibu huku ukitazama. Bawaba ikicheza, tatizo ni skrubu: matundu yamepanuka. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Toa skrubu, chonga vijiti vya mbao ngumu, vipake gundi, vipigilie ndani ya matundu, vikate sawa na uso, gundi ikikauka toboa upya. Lakini bawaba ikitulia na badala yake pembe ya ubawa ikafunguka kama mdomo, basi ulimi, ile ncha ya mti wa kulala inayoingia ndani ya mti wa kusimama, umelegea ndani ya tundu lake, na hapo skrubu ndefu haisaidii kitu. Nimeona watu wanapigilia pembe za chuma juu ya kiungo kilicholegea. Mwaka mmoja, chuma kimeota kutu, mbao imepasuka, na ubawa uko pale pale ulipokuwa.

Ubawa uliolegea unavuliwa, unalazwa sakafuni, na unapimwa mshazari, pembe hadi pembe, pande zote mbili. Wa kwangu ulitofautiana milimita kumi na nne. Nilifunga kamba kuzunguka ule mshazari mrefu, nikaingiza kijiti katikati na kuisokota mpaka vipimo viwili vikalingana, baada ya kusafisha viungo na kutia gundi mpya. Kisha kabari nyembamba za mbao ngumu zikapigwa kando ya kila ulimi. Gundi yenyewe isiwe ile nyeupe ya kawaida ya kabati na vitanda. Hiyo haitaki maji, na masika yetu ni maji. Tafuta epoksi, ile ya mikebe miwili ya kuchanganya.

Na tahadhari ya epoksi kwa joto letu: mara ya kwanza nilichanganya kopo zima saa saba mchana. Dakika chache kopo likawa moto mkononi, likaanza kutoa moshi, na gundi ikaganda na brashi ndani yake. Inajipasha yenyewe ikiwa nyingi mahali pamoja. Changanya kidogo kidogo, alfajiri, na uitandaze kwenye sahani bapa isirundikane.

Mti wa chini uliooza ndio kazi yenyewe. Usijaze. Narudia kwa sababu najua utashauriwa: unga wa mbao na gundi, puti, hata saruji nimeiona. Ukifunika mbao mbovu unaifungia maji ndani. Kata ubovu wote, halafu kata sentimita mbili tatu zaidi ndani ya mbao nzima. Kwenye miti ya kusimama mkato uwe wa mlazo mrefu, yaani wa mshazari, urefu wake mara nne ya unene wa mbao au zaidi, ili gundi ipate pa kushika, na uteremkie upande wa nje ili maji yakifika yateleze yaende zake. Kiraka kifuate nyuzi za mbao ya zamani, na kiwe mbao ya aina ile ile ukiweza. Mimi nilikata viraka kutoka kwenye ule ubawa ulioliwa na mchwa. Miti yake ya juu ilikuwa mizima bado. Jiriwa za kubania sina, basi nikakata tyubu za baiskeli ziwe mikanda, nikauzungusha mkanda kwa kuukaza juu ya kiungo. Mpira ule unabana kuliko unavyodhani. Uache mpaka kesho yake.

Ami mmoja seremala, jirani, alikuja kutazama. Alichukua kipande nilichokikata, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa.

"Huu msaji huu, mwanangu. Ukiutupa, utaupata wapi mwengine?"

Msaji ndio tiki. Mimi nilikuwa nikiita mninga siku zote. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilijengwa wakati msaji ukiletwa kwa bahari kutoka Bara Hindi, na mbao ya namna hiyo ukiipaka vizuri inakaa kuliko sisi. Ndiyo maana nasema uhesabu vizuri kabla ya kuiuza kwa bei ya kuni. Kuna watu wanapita wakinunua mbawa kuukuu, na hawanunui kwa kuwahurumia.

Ule ubawa mmoja wa kutupa ndio ulionifunza. Kazi ya kutengeneza mpya badala yake nilimpa fundi mmoja, jina lake halina faida hapa, mwezi wa Mei, mvua inamwagika. Akanunua mbao siku ile ile, mbichi, akaunga kwa gundi nyeupe, akauchonga ukaingia kwenye fremu kama droo. Nikafurahi, nikalipa. Ilipofika Februari, kaskazi inavuma na jua limekausha kila kitu, kidole changu kiliingia kwenye pengo upande mmoja na papi tatu, vile vibao vyembamba vya kupitisha hewa, zikawa zinacheza kwenye mifereji yake. Fundi simu hashiki.

Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu wake karibu haibadiliki. Kwa hiyo ubawa wa fremu yenye miti ya kusimama na ya kulala hubadilika kidogo, kwa sababu kinachopanuka ni upana wa ile miti miwili ya kusimama tu. Ubawa wa mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu huvimba wote. Ukitengenezesha mpya, tengenezesha kati ya Januari na Machi, na mbao iwe imekaa kivulini miezi, imepangwa na vijiti katikati hewa ipite. Pima fremu mahali patatu, juu, katikati na chini, kwa sababu hakuna fremu ya zamani iliyo mraba. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, uache milimita tatu kila upande. Mumpe seremala ubawa wa zamani mkononi awe anauigiza: mlazo wa papi, nafasi zake, na kile kidirisha kidogo cha chini kinachosukumwa nje kama mamako anacho. Bibi alikuwa akiona mtaa mzima kupitia hicho na mtaa haumuoni.

Wa mara ya pili nilitengenezesha kwa mvule. Seremala akalalamika, na alikuwa na haki: mvule hutengeneza vijiwe ndani yake, chokaa iliyoganda kabisa, na randa ikigonga kimoja makali yanaondoka. Vumbi lake nalo huwasha pua na kifua, kwa hiyo aliyeko karibu ajifunike. Lakini mchwa hawaupendi, na umekaa.

Madirisha yenye kioo yana siri ndogo ambayo mafundi wengi hawaifanyi. Kioo kisikalie mbao moja kwa moja. Weka kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya kioo upande wa bawaba, na kingine juu upande wa kitasa. Kioo kinakuwa kama mhimili wa mshazari unaoushikilia ubawa usilale. Viweke kinyume chake na kioo hicho hicho kitausaidia kulala.

Skrubu na bawaba ziwe za brasi au stenlesi, za chuma cha kawaida zisifike kabisa. Ghali, ndiyo. Lakini umbali wenu na bahari ni wa kutupa jiwe.

Rangi: ya zamani ina matabaka mengi na huenda ina madini ya risasi, yenye sumu, ndani yake. Usiipige msasa ikiwa kavu, na watoto wasiwepo. Ilowanishe, ikwangue, uchafu uangukie kwenye turubai. Halafu rangi ya kwanza ipakwe kabla ubawa haujatundikwa, pande zote sita, na ukingo wa chini mara mbili. Simama mwenyewe. Usiache neno "nimeshapaka" likutoshe, pitisha kidole.

Kuhusu aluminiamu, siichukii. Kwa fleti mpya Nyali ni sawa. Lakini ya kusukuma hufunguka nusu tu, nusu nyingine kioo kimesimama njiani mwa upepo, na papi zinapitisha hewa hata dirisha likiwa limefungwa. Usiku wa Machi umeme ukikatika utalijua hilo. Magurudumu ya bei rahisi nayo chumvi huyashika, baada ya muda unasukuma kwa mikono miwili. Na jambo ambalo fundi wako hakukuambia: Kuze iko ndani ya Mji wa Kale, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kubadilisha sura ya madirisha ya mbele kunataka kibali cha ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nenda ukawaulize kabla ya nyundo ya kwanza. Mimi nilikwenda nikiogopa, nikatoka na ushauri wa bure kuhusu chokaa.

Ningekuwa wewe, ningemwambia fundi asubiri na amana ningeizuia. Jumamosi vua ubawa mmoja tu, ule mbaya kuliko yote, uchokoe, kisha weka hapa picha mbili: pembe ya chini upande wa bawaba, na kile kizingiti cha fremu ambacho ubawa ulikuwa umekikalia. Kizingiti kikiwa kizima, hiyo kazi ni ya viraka, na nitakuelekeza mkato wa kwanza.